Mshindi Aliyekosa Ubingwa: Casablanca, 1958

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mbio moja tu za langalanga za zamani, nami nimechagua zilizokimbiwa katika bara letu: Grand Prix ya Moroko, Casablanca, tarehe 19 Oktoba 1958. Niwasomee matokeo kwanza. Wa kwanza Stirling Moss wa timu ya Vanwall, aliyetumia saa 2, dakika 9 na sekunde 15.1. Wa pili Mike Hawthorn wa Ferrari, aliyeachwa kwa dakika 1 na sekunde 24.7. Wa tatu Phil Hill, naye wa Ferrari, chini ya sekunde moja nyuma ya Hawthorn. Wa nne na wa tano ni Jo Bonnier na Harry Schell, wote wa BRM.

Sasa, ubingwa wa dunia alipewa nani jioni ile? Hawthorn. Huyo huyo aliyeachwa dakika nzima na zaidi.

Tuangalie sheria za mwaka ule. Mshindi alipata pointi 8, wa pili 6, kisha 4, 3 na 2. Aliyeendesha mzunguko wa kasi kuliko wote aliongezewa pointi 1. Msimu ulikuwa na mashindano 11, lakini dereva alihesabiwa matokeo yake 6 bora tu. Hawthorn alitua Casablanca na pointi 40, Moss 32. Kwa hiyo Moss alitakiwa ashinde, aweke mzunguko wa kasi zaidi, na bado Hawthorn asiwe wa pili. Mambo mawili ya mwanzo yalikuwa mikononi mwake, na aliyatimiza yote. La tatu lilikuwa mikononi mwa Ferrari.

Njia yenyewe iliitwa Ain-Diab. Ni barabara za kawaida kando ya bahari ya Atlantiki, zilizofungwa kwa ajili ya mbio, kilomita 7.6 kwa mzunguko, mizunguko 53. Moroko ilikuwa na miaka 2 tu ya uhuru. Hawthorn alipangiwa gari namba 2, akalikataa. Luigi Musso alikufa akiendesha Ferrari namba 2 kule Reims mwezi Julai, na Peter Collins, rafiki wa Hawthorn wa chanda na pete, alikufa na namba hiyo hiyo Nürburgring mwezi Agosti. Hawthorn akabadilishana na Olivier Gendebien, mwenzake wa Ferrari, akachukua namba 6. Mwite mshirikina ukitaka, mimi nisingemlaumu.

Moss alichomoka mbele tangu mwanzo. Hill alitumwa amkimbize, amlazimishe kuichosha injini, na alijitahidi kiasi cha kupitiliza kona moja mapema kabisa. Hawthorn alikaa nyuma akipiga hesabu. Tatizo lake lilikuja pale Tony Brooks, mwenzake Moss katika Vanwall, alipompita. Kwa muda ule ubingwa ulikuwa wa Moss, kwa kuwa Hawthorn hakuwa wa pili. Kisha injini ya Brooks ikafa. Ferrari wakamwonyesha Hill ubao apunguze mwendo, Hawthorn akapita, na nafasi hazikubadilika tena hadi mwisho. Ile sekunde 0.8 kati yao kwenye jedwali haikuwa ushindani. Ilikuwa Hill akimsindikiza bosi wake nyumbani.

Hawthorn 42, Moss 41. Pointi 6 za Hawthorn ziliongeza 2 tu, kwa sababu zilichukua nafasi ya tokeo la pointi 4 alilolazimika kulitupa.

Hapo ndipo watu husema Moss alidhulumiwa na sheria. Alishinda mashindano 4 mwaka ule, Hawthorn 1 tu. Lakini hesabuni vizuri. Kama pointi zote zingehesabiwa bila kutupa yoyote, Hawthorn angekuwa na 49, na Moss angebaki na zile zile 41, kwa sababu hakuwa na cha kutupa. Sheria ya matokeo 6 ilimbeba Moss. Bila hiyo hata Casablanca isingekuwa na msisimko.

Kilichomuumiza ni kile kipointi kimoja cha mzunguko wa kasi. Ondoeni pointi hizo kwa wote wawili: Hawthorn ana ushindi mmoja na nafasi za pili tano, jumla 38. Moss ana ushindi mara nne na nafasi ya pili moja, jumla 38. Sare kabisa! Hawthorn alibebwa na mizunguko ya kasi, na mmoja wao ulipatikana Porto, Ureno, mwezi Agosti.

Pale Porto, Moss alikuwa akiongoza bila wasiwasi. Mafundi wake wakamwinulia ubao ulioandikwa HAWT REC, yaani Hawthorn kavunja rekodi ya mzunguko. Moss, akipita kwa kasi, akasoma HAWT REG, akaelewa kwamba Hawthorn anaenda mwendo wa kawaida. Hakujibu. Angejibu na kuichukua pointi ile, mwisho wa msimu ungesomeka Moss 42, Hawthorn 41.

Kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu Porto ni kingine: mzunguko wa mwisho gari la Hawthorn lilizunguka na kuzimika, akaliwasha kwa kulisukuma kinyume cha mwelekeo wa mbio. Waamuzi walitaka kumfutia matokeo. Moss, mpinzani wake, akaenda kutoa ushahidi kwamba Hawthorn alikuwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, si barabarani. Wakamwachia pointi zake 7. Namheshimu sana Moss kwa hilo, lakini napenda tukumbuke na ule ubao.

Casablanca ilikuwa na hasara nzito kuliko yote haya. Stuart Lewis-Evans, dereva wa tatu wa Vanwall, injini yake ilikwama katika kasi, gari likatoka barabarani na kuwaka moto. Alirudishwa Uingereza, akafariki siku 6 baadaye kwa majeraha ya moto. Vanwall ndio waliotwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa watengenezaji magari, ushindi 6 wa pointi 8 kila mmoja, jumla 48 dhidi ya 40 za Ferrari. Mwenye timu, Tony Vandervell, aliyekuwa na afya dhaifu, aliachana na kushiriki kwa ukamilifu mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Hawthorn alistaafu mara tu baada ya kuwa Mwingereza wa kwanza kutwaa ubingwa wa madereva, na tarehe 22 Januari 1959 akafa katika ajali ya gari lake binafsi karibu na Guildford. Moss hakuwahi kuwa bingwa wa dunia.

Grand Prix ya Moroko haikurudi tena kwenye ubingwa wa dunia. Afrika ilingoja hadi Desemba 1962, East London, Afrika Kusini. Hiyo nayo iliamua ubingwa, kati ya Graham Hill na Jim Clark, ila ni mhadhara mwingine. Karibuni kwa maswali, na aliye na kalamu ayapige upya mahesabu yangu.