Msamaha Usiomnyamazisha Aliyedhulumiwa

Ndugu zangu, nianze na maneno ambayo wengi wetu tumeyasema, na mimi nimo: "Wewe ni Mkristo, samehe tu." Huambiwa nani? Mara nyingi ni mjane aliyenyang'anywa shamba, au binti aliyeumizwa na mtu anayeheshimiwa kanisani. Aliyekosa hajaulizwa neno. Aliyekosewa ndiye anayeitiwa kikao, na akisita tunasema ana moyo mgumu. Kisha tunamtupia methali: yaliyopita si ndwele. Kwake hayajapita. Shamba bado linalimwa na mwingine.

Andiko tunalomsomea ni Mathayo 18, saba mara sabini. Naomba mrudi nyuma kidogo katika sura hiyo hiyo, mstari wa 15 hadi wa 17. Kabla Petro hajauliza swali lake, kwamba amsamehe ndugu yake mara ngapi, Yesu ameshaeleza la kufanya ndugu akikukosa: nenda ukamwonye mkiwa wawili tu, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, asipowasikia hao, liambie kanisa. Hao wawili wanakwenda kama mashahidi. Hiyo ni kanuni ya hukumu, imetoka Kumbukumbu la Torati 19. Sisi tunairuka, tunatua kwenye mstari wa 22, halafu tunashangaa kidonda hakiponi.

Anayesamehe anaachilia kisasi. Paulo anasema hivyo katika Warumi 12: msijilipizie kisasi. Anaachilia ile haja ya kumwona mwenzake akiteseka ili yeye apumue. Ukweli haachilii, wala haki ya wengine wanaoweza kuumizwa kesho na mtu yule yule.

Mei 13, 1981, Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi Papa Yohane Paulo wa Pili katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Siku nne baadaye, akiwa kitandani hospitalini, Papa alitangaza kwamba amemsamehe. Julai mwaka huo huo mahakama ikamhukumu Ağca kifungo cha maisha. Desemba 1983 Papa akaenda gereza la Rebibbia, Roma, akaketi naye ana kwa ana, wakazungumza kwa sauti ya chini. Kisha Papa akaondoka, na Ağca akabaki gerezani Italia hadi mwaka 2000, rais wa Italia alipompa msamaha wa serikali. Kwa miaka yote hiyo msamaha na kifungo vilikaa pamoja, na sioni kwamba kimoja kilikidhulumu kingine.

Sasa Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko katika Luka 19, aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Huyu nampenda sana. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka anayeungama arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo anajipandishia mwenyewe hadi mara nne, kiasi ambacho Kutoka 22 inamdai mwizi wa kondoo. Tazameni mpangilio wa habari yenyewe: Yesu anajialika nyumbani kwake kwanza, kabla hajarudisha hata senti. Neema inatangulia, na neema hiyo ndiyo inayofungua mfuko. Waliodhulumiwa wa Yeriko hawakuambiwa wasahau, walirudishiwa.

Mtaniuliza, na asipotubu? Swali hili limeninyima usingizi. Luka 17:3 inasema akitubu, msamehe; na msalabani Yesu anawaombea watu ambao hawajatubu. Ninavyoelewa, kusamehe kunaweza kuanza upande mmoja, lakini kupatana kunataka wawili. Mama anaweza kumwombea mema aliyempiga, na usiku huo huo akafunga mlango na kwenda kushtaki. Hajatenda dhambi. Tusimwambie ametenda.

Paulo alipomrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni hakuandika kwamba hakuna kilichotokea. Aliandika: kama amekudhulumu, "ukiandike hicho juu yangu", na kwa mkono wake mwenyewe akaongeza, "mimi nitalipa." Deni lilitajwa, likaandikwa, na likapata mtu wa kulibeba. Basi tukirudi kwa yule mjane, kabla ya kumfungulia Biblia, tumuulize shamba lake lina ukubwa gani, na nani kati yetu atakwenda naye kulidai.