Comcast na Disney, 2004: Muungano Usiofanyika na Ule Uliofanyika Badala Yake

Waheshimiwa wasikilizaji,

Tarehe 11 Februari 2004 Comcast, kampuni ya televisheni ya kebo yenye makao yake Philadelphia, ilitangaza hadharani kwamba inataka kuinunua Disney yote, na ikaweka mezani dau la hisa lenye thamani ya takriban dola bilioni 54. Tarehe 28 Aprili mwaka huohuo ikaliondoa. Katikati ya tarehe hizo mbili upo mlango ambao haukufunguliwa, na leo nakusudia kuusukuma kidogo tuone kilichokuwa nyuma yake. Anayeshughulika na historia mbadala hana ruhusa ya kubadilisha kila kitu kwa matakwa yake. Hubadilisha jambo moja ambalo kweli lingeweza kwenda vingine, kisha huyafuata matokeo yake kwa ushahidi uliopo.

Dau lenyewe halikuwa ndoto ya mchana, kwani Disney ya wakati ule ilikuwa imeyumba. Roy Disney, mpwa wa Walt, alikuwa amejiuzulu kutoka bodi mwishoni mwa Novemba 2003 huku akimtaka mtendaji mkuu, Michael Eisner, naye aondoke. Studio za katuni zilizochora kwa mkono huko Orlando, Paris na Tokyo zilikuwa zimefungwa au zinafungwa. Na tarehe 29 Januari 2004, siku 13 tu kabla ya dau la Comcast, Pixar, studio ya katuni za kompyuta iliyotengeneza Toy Story kwa ubia na Disney, ilitangaza kwamba mazungumzo ya kuongeza mkataba wake na Disney yamevunjika. Steve Jobs, mkuu wa Apple aliyekuwa pia na takriban nusu ya hisa za Pixar, alitaka studio yake imiliki filamu zake na Disney ilipwe ada ya usambazaji tu. Eisner hakukubali, na watu hawa wawili hawakuwa na subira ya kuvumiliana.

Kilichoua dau la Comcast ni hesabu. Comcast haikutoa fedha taslimu, bali hisa 0.78 zake kwa kila hisa moja ya Disney. Habari zilipotoka, hisa za Disney zilipanda na za Comcast zikashuka, hata dau likawa chini ya bei ambayo mwanahisa wa Disney angeipata sokoni siku hiyohiyo. Bodi ikalikataa bila taabu. Hapo ndipo naona pa kuweka badiliko letu: wawekezaji wa Comcast wangeupokea mpango kwa utulivu, au Brian Roberts, mkuu wa kampuni hiyo, angekubali kuongeza dau, bodi ingepata shida kubwa ya kujitetea. Tukumbuke kwamba tarehe 3 Machi, katika mkutano mkuu uliofanyika Philadelphia, mji wa Comcast yenyewe, asilimia 43 ya kura za wanahisa zilinyimwa Eisner, na jioni hiyo akavuliwa uenyekiti wa bodi. Bodi yenye wanahisa wa namna hiyo haina kiburi cha kudumu.

Tuseme basi Comcast imefaulu. Wengi hurukia kusema kwamba Eisner angeondoka mapema, Jobs angefurahi, na Pixar ingerudi nyumbani haraka zaidi. Hoja hiyo ina mvuto, lakini siikubali, na sababu yangu haipo katika chumba cha wachoraji. Ipo katika biashara ya waya wa kebo.

Eisner alimwachia Robert Iger uongozi mwaka 2005. Oktoba mwaka huo, siku chache tu baada ya kushika usukani, Iger alipanda jukwaani pamoja na Jobs kutangaza kwamba vipindi vya ABC, televisheni ya Disney, vitauzwa kwenye iTunes, duka la mtandaoni la Apple, kwa dola 1.99 kila kimoja, ili vitazamwe kwenye iPod mpya, kifaa cha mfukoni cha kampuni hiyo. Leo jambo hilo linaonekana dogo. Wakati ule lilikuwa uthubutu, maana mtu aliambiwa kwamba anaweza kununua kipindi kimoja bila kulipia furushi la chaneli. Kwa Jobs, hapo alipatikana mkuu wa Hollywood asiyeiogopa intaneti, na makubaliano ya Pixar yalitangazwa miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Januari 2006, kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.4. Sasa jiulizeni: kampuni ambayo riziki yake ni mamilioni ya kaya zinazolipia furushi hilo kila mwezi ingekuwa na haraka gani ya kuuza kipindi kimojakimoja nje ya waya wake? Kwa maoni yangu, muungano wa 2004 ungeuzuia ule wa 2006.

Pixar ingetafuta msambazaji mwingine, na ingewaacha nyuma wahusika wake, kwa kuwa mkataba uliipa Disney haki ya kutengeneza mwendelezo wa filamu zilizokwisha tengenezwa kwa ubia. Hapa hatuhitaji kubuni chochote. Disney ilianzisha studio iliyoitwa Circle 7, huko Glendale, California, kwa kazi hiyo hasa. Waandishi na wachoraji waliajiriwa, wakalipwa mishahara, wakatayarisha hadithi ya Toy Story 3 ambamo Buzz, mmoja wa wanasesere wa filamu hizo, anaharibika na kurudishwa kiwandani Taiwan, na wenzake wanafunga safari kwenda kumwokoa. Pixar iliponunuliwa, Circle 7 ilifungwa na hadithi hiyo ikawekwa kando. Sijui mfano mwingine ambapo historia mbadala ilikuwa na jengo na orodha ya wafanyakazi. Filamu ya 2010 tunayoijua, ya kwanza ya katuni kuvuka mapato ya dola bilioni moja, ilitoka kwa watu wengine na kwa wazo jingine kabisa.

Studio ya katuni ya Disney yenyewe, huko Burbank, California, nayo ingeenda njia nyingine. Mwaka 2006 Ed Catmull na John Lasseter wa Pixar walikabidhiwa pia katuni za Disney, na si kila mtu alinufaika. Chris Sanders, mmoja wa waongozaji wa Lilo & Stitch, aliondolewa katika filamu ya mbwa aliyokuwa akiitengeneza, ambayo ilibadilishwa ikawa Bolt ya mwaka 2008. Akahamia DreamWorks, studio shindani, na mwaka 2010 yeye na Dean DeBlois wakatoa How to Train Your Dragon, filamu ya kijana na joka. Bila Lasseter kule Burbank, huenda Sanders angemaliza filamu yake ya mbwa, na joka lile lingeongozwa na mkono mwingine.

Katika historia halisi, Comcast haikukata tamaa. Iliichukua NBCUniversal, kampuni ya televisheni na filamu, kuanzia 2011, na pamoja nayo studio ya Universal iliyokuwa ikisambaza filamu za katuni za Illumination. Mwaka 2016 ikainunua DreamWorks Animation kwa dola bilioni 3.8, ikalipata na joka la Sanders. Mwaka 2018 ikashindana tena na Disney, safari hii wakiigombea Fox, kampuni nyingine ya filamu na televisheni, na Disney ikashinda kwa dola bilioni 71.3. Ndani ya Fox ilikuwamo Blue Sky, studio ya katuni za Ice Age, ambayo Disney iliifunga mwaka 2021. Katika ulimwengu wetu wa kubuni, Comcast na Disney zisingeweza kushindana kwa sababu zingekuwa kampuni moja, lakini hata humo sithubutu kuiokoa Blue Sky. Shinikizo lililoifanya Fox iuzwe lilitoka kwa Netflix na wenzake, na hao hawakungoja ruhusa ya Philadelphia wala ya Burbank.