Kurasa Hazionekani Google? Tuzikague kwa Search Console

Habari zenu, karibuni. Leo tunashughulika na tovuti inayofunguka vizuri kwenye simu ya mwenyewe, lakini mteja akiitafuta Google, haipati. Tutaikagua kwa Search Console, zana ya Google inayoonyesha jinsi inavyoiona tovuti yako. Ninayo hapa tovuti ya mfano, duka la vitenge, imejengwa kwa WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti. Nimeiharibu makusudi sehemu tatu ili muone kila ugonjwa na dalili zake.

Kujiunga na Search Console napita haraka: ingia kwa Gmail yako, ongeza tovuti, chagua "Domain", ile ya kushoto. Hiyo inabeba kila kitu pamoja: yenye www na isiyo na www, http na https, hata domeni ndogo. Utapewa mstari wa maandishi. Unakili, nenda kule uliponunulia domeni, fungua mipangilio ya DNS, yaani rekodi zinazoelekeza domeni yako, uubandike kama rekodi ya TXT, kisha rudi ubofye "Verify". Ikigoma, usifute chochote. Kanywe chai, maana rekodi ya DNS inaweza kuchukua saa kadhaa kuenea. Ikishakubali, iache hapohapo siku zote. Google hurudi kuikagua, na ikiikosa unapoteza uthibitisho.

Haya. Menyu ya kushoto, "Indexing", halafu "Pages". Mnaona rangi mbili, kijani na kijivu. Kijani ni kurasa zilizomo kwenye faharasa ya Google, yaani orodha inayotoa matokeo ya utafutaji, kijivu ni zilizoachwa nje. Watu wakiona kijivu kimezidi kijani presha inapanda! Tulieni. Sehemu kubwa ya kijivu inastahili kuwa huko: anwani za zamani zinazoelekeza kwingine, nakala za ukurasa mmoja, vitu vya namna hiyo. Angalia orodha ya sababu iliyo chini yake, ndiyo yenye kazi.

Nianze na 404, jibu la "ukurasa haupo". Bidhaa imekwisha, hairudi tena, na huna inayofanana nayo? Iache iwe 404, haina dhambi. Kama imehamia anwani nyingine, ielekeze huko kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu. Ila usielekeze kila kilichofutwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Aliyekuwa anatafuta kitenge cha nyota akitupwa mlangoni hajasaidiwa, na Google yenyewe mara nyingi huihesabu hiyo kama 404 iliyofichwa.

"Crawled – currently not indexed" maana yake roboti wa Google amefika, amesoma, na ukurasa bado haujaingizwa. Hapa mara nyingi hakuna cha kurekebisha kwenye seva. Tazama huu ukurasa: picha moja, na chini yake "Piga simu kwa bei". Basi! Andika ni yadi ngapi, ni pamba tupu au mchanganyiko, rangi inachuja au haichuji, bei ni shilingi ngapi, unasafirisha mikoa gani. Mimi kwa maoni yangu, duka linaloficha bei linajiumiza lenyewe kabla Google haijaligusa.

Sasa ugonjwa wa kwanza. Sababu inasema "Excluded by 'noindex' tag". Noindex ni amri inayoiambia Google isiuingize ukurasa kwenye faharasa. Bofya, chukua anwani mojawapo, bonyeza alama ya lenzi pembeni yake. Angalieni hapa: hiki kinachotokea kwanza ni kumbukumbu ya mara ya mwisho Google ilipopita. Hali ya sasa hivi huioni mpaka ubofye "Test live URL", kule juu kulia.

Inazunguka... Inachukua dakika moja hivi, wakati mwingine mbili. Wakati tunasubiri: usitegemee kuandika site: na jina la domeni kwenye Google ili uhesabu kurasa zako. Idadi ile ni ya kukadiria tu.

Imefika. "'noindex' detected in 'robots' meta tag". Basi tunaingia WordPress, "Settings", "Reading". Teremka chini kabisa, mnaiona ile tiki ya kuzuia mitambo ya utafutaji? Mafundi huiweka tovuti ikiwa bado inajengwa, siku ya kukabidhi kazi inasahaulika. Itoe, hifadhi, tupime tena.

Bado inasema noindex. Tiki si nimetoa? Hebu nionyeshe tena... ndiyo, imetoka. Basi ni kashe, nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili tovuti ifunguke haraka. Plagini ya kashe inaendelea kugawa nakala ya zamani. Naifuta, "Purge all". Kama unatumia Cloudflare, huduma inayokaa kati ya tovuti na wageni wake, na umeiambia ihifadhi kurasa zenyewe, na huko pia futa. Napima tena... sawa, imekubali.

Kama kwako bado inakataa, soma vizuri ujumbe wake. Ukitaja "X-Robots-Tag", hata ubonyeze Ctrl na U usome msimbo wote wa ukurasa, hutaiona, kwa sababu amri hiyo inatoka kwenye seva, inatangulia ukurasa. Fungua dirisha la amri, andika curl -I kisha anwani ya ukurasa. Kwenye Windows tumia Command Prompt. Ukiwa PowerShell andika curl.exe, maana huko curl tupu inaweza kuita programu nyingine na utapata makosa mekundu yasiyohusu. Ukikuta mstari wa X-Robots-Tag wenye noindex, chunguza faili la .htaccess, mipangilio ya seva, na plagini zako.

Ugonjwa wa pili, na hapa naomba utulivu. Wengi wanajikwaa hapa.

Kuna kurasa ambazo kweli hutaki zionekane Google, mfano ukurasa wa kikapu cha manunuzi. Mtu anaweka noindex, halafu kwa kujihami zaidi anaufungia na kwenye robots.txt, faili linalowaambia roboti wasipite wapi. USIFANYE VYOTE VIWILI KWA PAMOJA. Umebandika tangazo ndani ya chumba, kisha umefunga mlango, nani atalisoma? Roboti akizuiwa na robots.txt hafungui ukurasa, asipoufungua haioni noindex, na anwani inaweza kubaki kwenye matokeo bila maelezo yoyote. Kwenye ripoti utaiona kama "Indexed, though blocked by robots.txt".

Mpangilio ni huu. Unatoa kizuizi kwenye robots.txt. Unaacha noindex. Unasubiri Google ipite na ukurasa uondoke. Hapo ndipo unaweza kufunga, kama bado unaona haja. Narudia: noindex inataka mlango wazi. Kizuizi kwanza kitoke.

Tukiwa humuhumu, nasogeza skrini karibu. Robots.txt ya kawaida ya WordPress ni fupi:

User-agent: *
Disallow: /wp-admin/
Allow: /wp-admin/admin-ajax.php

Hebu angalia mkwaju, alama hii: /. "Disallow:" bila kitu mbele yake haifungi chochote. "Disallow: /" imefunga tovuti nzima. Na "Disallow: /p" inafunga kila anwani inayoanza na p: /picha, /punguzo, /pochi, zote zimekwenda. Herufi kubwa na ndogo nazo ni vitu viwili tofauti. Ukishasahihisha, Google inaweza kuendelea kutumia nakala ya zamani hadi saa 24. Ukiwa na haraka, nenda "Settings" ya Search Console, fungua ripoti ya robots.txt, uombe isomwe upya.

Na bado nasema: ukitoa kizuizi, usitoe na noindex kwa mkono huohuo!

Wa tatu. Kwenye ukaguzi wa anwani kuna mistari miwili, "User-declared canonical" na "Google-selected canonical". Wa kwanza ni anwani uliyoitangaza wewe kuwa ndiyo ukurasa halisi, wa pili ni ile Google iliyoichagua. Hapa mstari wa kwanza unaonyesha anwani ya majaribio, ile fundi aliyojengea tovuti. Duka linaitangazia Google kwamba mwenye mali yuko nyumba nyingine. Nenda WordPress, "Settings", "General", sahihisha anwani zote mbili zilizo hapo, ya WordPress na ya tovuti. Taratibu lakini, herufi moja ikikosewa unaweza kujifungia nje ya dashibodi. Ikitokea, fungua wp-config.php kupitia kidhibiti cha hosti, kampuni inayohifadhi tovuti yako, weka WP_HOME na WP_SITEURL zenye anwani sahihi. Futa kashe tena. Nafikiri sababu mmeshaiona.

Ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya anwani zako, ni jambo la sekunde: WordPress kuanzia toleo la 5.5 inaitengeneza yenyewe, wp-sitemap.xml. Bandika kwenye "Sitemaps", tuma. Faili moja lisizidi anwani 50,000, duka lako halifiki huko.

Ukimaliza, bofya "Validate fix". Hesabu wiki mbili hivi, wakati mwingine zaidi. Kwa kurasa chache muhimu tumia "Request indexing", mara moja inatosha. Kubofya anwani ileile kila asubuhi hakukusogezi kwenye foleni, na kuna kikomo cha maombi kwa siku.

Kila wiki pitia "Pages", na ndani ya "Settings" fungua "Crawl stats", inayoonyesha siku 90 zilizopita. Makosa ya 5xx, yaani ya seva kushindwa, yakipanda, au muda wa seva kujibu ukirefuka, piga picha ya skrini yenye tarehe uwatumie wenye hosti. Bila picha utajibiwa "kwetu iko sawa". Na siku ya matengenezo, seva itoe 503, jibu la "haipatikani kwa sasa". Ukurasa ulioandikwa "Tunarudi punde" ukija na 200, jibu la "kila kitu sawa", Google inaweza kudhani hayo ndiyo maudhui yako mapya.

Anayetaka nimkagulie tovuti, maelezo yako chini ya video. Nywila usinitumie, wala mimi wala fundi mwingine yeyote. Ingia Search Console, "Settings", "Users and permissions", niongeze kwa barua pepe, chagua "Restricted". Nikihitaji zaidi ya hapo nitakuomba, na kazi ikiisha unaniondoa.