Mvinyo Mtamu wa Miaka Mingi Hautaki Keki

Mabibi na mabwana, mlionisikiliza hapo awali mnajua nitaanzia wapi: keki. Kila ninapoalikwa kuzungumzia mvinyo mtamu uliokomaa, wenyeji huniwekea mezani Sauternes, mvinyo mtamu wa Ufaransa, na pembeni yake keki ya chokoleti, nami hulazimika kuomba keki irudishwe jikoni. Lambeni kijiko cha asali, kisha nyweni chai ambayo punde tu mliiona tamu. Mtadhani sukari ilisahauliwa. Mvinyo nao hupatwa na hayo hayo: ulimi uliojaa keki hauzisikii tena gramu 120 au zaidi za sukari zilizomo katika kila lita, bali husikia ukali wa asidi na moto wa pombe.

Najua mtaniuliza kwa nini basi unaitwa mvinyo wa kitindamlo. Unaitwa hivyo kwa sababu wenyewe ni kitindamlo! Ukihitaji mwenzi, mpe chumvi, na hasa Roquefort, jibini la chumvi lenye mishipa ya ukungu wa buluu.

Hapa Kiswahili kinanifurahisha, kwa kuwa neno ukungu linabeba mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenganisha. Kule Sauternes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, maji baridi ya mto Ciron hukutana na maji ya Garonne yenye joto zaidi, na asubuhi za vuli ukungu hutanda mashambani. Ukungu huo wa angani huotesha ukungu wa kwenye zabibu, Botrytis cinerea, ambao hutoboa ganda ili jua la mchana likaushe maji na kuacha sukari na asidi zikiwa nzito. Zabibu haziozi zote siku moja, kwa hiyo wachumaji hurudi shambani mara kadhaa. Zabibu hizo zilizokunyaa na kuota manyoya ya kijivu, mngeziona sokoni mngezitupa, ndizo zinazokutana mezani na ukungu wa buluu wa jibini.

Sasa inueni glasi. Kwa miaka mingi chupani, dhahabu ya mvinyo imegeuka kaharabu, na penye aprikoti mbichi pamekuja ganda la chungwa lililokauka, njugu na sukari iliyoungua kidogo. Utamu unaonekana umepungua, ingawa sukari ipo pale pale. Halijoto iwe nyuzi 10 hadi 12, kwani baridi kali huificha harufu, na glasi isijazwe.

Tokaji, mvinyo mtamu wa Hungaria, niliiandalia nusu saa nzima, lakini keki imekula muda wake na Roquefort imeshalainika. Tuonje.