Lester Pearson: Katibu Mkuu Aliyejifunza Upinzani

Mabibi na mabwana, tarehe 20 Januari 1958 Lester Pearson alisimama katika Bunge la Kanada akiwa Kiongozi mpya wa Upinzani, siku chache tu baada ya chama chake cha Waliberali kumchagua kuwa kiongozi, na akaharibu. Hoja yake iliitaka serikali ya Waziri Mkuu John Diefenbaker, wa chama cha Wahafidhina, ijiuzulu na kuwarudishia Waliberali madaraka bila uchaguzi. Diefenbaker akatoa waraka wa siri wa mwaka 1957, kazi ya watumishi wa umma, uliowaonya Waliberali wakiwa bado madarakani kwamba uchumi unazorota. Katika uchaguzi wa tarehe 31 Machi chama cha Diefenbaker kilizoa viti 208 kati ya 265. Waliberali hawakufika 50.

Kosa lile lilikuwa na asili. Pearson aliingia Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 1928, akapanda hadi ubalozi wa Washington na ukatibu mkuu wa wizara. Mwaka 1948 aliingia siasa kupitia mlango wa uwaziri. Nobel ya Amani ya 1957 aliipata kwa wazo lake la jeshi la Umoja wa Mataifa la kulinda amani katika mgogoro wa Suez. Ofisini, kazi ikimshinda mtu hukabidhiwa anayeiweza. Bungeni mwenye kukabidhi ni mpiga kura.

Alijijengaje upya? Bungeni mzigo ulibebwa na wanne: yeye, Paul Martin, Lionel Chevrier na Jack Pickersgill. Huyu wa mwisho aliwahi kuwa katibu wa baraza la mawaziri, hivyo alijua serikali inavyofanya kazi kwa ndani, na maswali yake yaliwachoma mawaziri.

Lakini kwangu kazi kubwa ilifanyika katika mji wa Kingston, Septemba 1960. Mitchell Sharp, aliyeacha ukatibu mkuu wa Wizara ya Biashara mwaka 1958, aliongoza mkutano uliowaalika hata wasio wanachama. Mada ziliandikwa, zikabishaniwa, na Januari 1961 mkutano wa chama ukapitisha sera. Hapo ndipo tabia ya ofisini ilipolipa: andiko kwanza, uamuzi baadaye.

Katika uchaguzi wa mwaka 1962 Diefenbaker alibaki na viti 116. Tarehe 12 Januari 1963, huko Scarborough, Pearson aligeuza msimamo wake wa kupinga silaha za nyuklia: Kanada ipokee vichwa vya nyuklia vya makombora ya Bomarc, kwa kuwa iliwaahidi washirika wake. Wengi walimlaumu, na lawama hiyo ilikuwa na haki. Tarehe 5 Februari serikali ikaanguka kwa kura ya kutokuwa na imani. Aprili Pearson akawa waziri mkuu, bila wingi wa viti. Hata mfuko wa pensheni wa taifa na sheria ya bima ya matibabu ya 1966 vilipita kwa msaada wa kura za vyama vingine.