Profesa wangu wa takwimu za afya na jedwali la mawe ya figo

Hamjambo ndugu zangu huko nyumbani? Leo nawajibu wadogo zangu mnaoniuliza kila mara: "Dada, hiyo sayansi ya data za hospitali ndiyo nini, na mtu anaifikiaje?" Nitawajibu kwa kuwasimulia habari za profesa anayenisimamia huku. Jina lake nalihifadhi.

Alianzia kwenye hisabati: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu. Kisha akakaa miaka na madaktari akiwapangia majaribio ya dawa. Wagonjwa wangapi wanatosha, kura ipigwe vipi ili dawa mpya isipewe wenye nafuu peke yao, jaribio lisimamishwe lini. Ni kazi nzito, jamani. Mwaka 1948 Uingereza ilichapishwa ripoti ya jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu. Aliyebuni kura yake, Austin Bradford Hill, hakuwa daktari, alikuwa mtu wa takwimu. Kati ya wagonjwa 55 waliopata dawa, 4 walifariki ndani ya miezi 6. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu, walifariki 14.

Siku hizi data haingoji jaribio. Inamiminika kutoka kwenye mafaili ya wagonjwa, maabara na bima, na hakuna kura iliyopigwa. Huko ndiko profesa alikohamia, na huko ndiko nilikomkuta.

Siku ya kwanza hatukuwasha kompyuta. Aliniwekea karatasi mezani: utafiti wa Uingereza wa 1986 kuhusu mawe ya figo. Upasuaji wa kufungua, wagonjwa 350, waliofanikiwa 273, asilimia 78. Njia ya tundu dogo, 350 vilevile, waliofanikiwa 289, asilimia 83. "Ungechagua ipi?" Nikasema ya tundu.

Akageuza karatasi. Kule nyuma mawe yametenganishwa kwa ukubwa. Mawe madogo: upasuaji 81 kati ya 87, asilimia 93; tundu 234 kati ya 270, asilimia 87. Mawe makubwa: upasuaji 192 kati ya 263, asilimia 73, tundu 55 kati ya 80, asilimia 69. Upasuaji umeongoza kwa madogo, umeongoza kwa makubwa, halafu ukijumlisha unaachwa nyuma! Nilirudia hesabu mara tatu. Kumbe mawe makubwa, yale magumu kutibu, mengi yalikuwa upande wa upasuaji. Profesa akaniambia, "Kabla ya kujumlisha, uliza nani yuko ndani ya kundi."

Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa programu iliyotumika Marekani kuteua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ilipima ugonjwa kwa gharama za matibabu. Matibabu ya watu weusi yalikuwa yanagharimu fedha kidogo hata wakiwa wagonjwa sawa na weupe, basi ikawaona wazima zaidi. Watafiti walikadiria kwamba pengo hilo likizibwa, sehemu ya weusi kati ya wanaopewa huduma ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Mashine ilijumlisha vizuri kabisa. Iliulizwa swali baya, na watu halisi wakakosa huduma. Hilo linaniuma.

Kwa hiyo wadogo zangu, shikeni hisabati, na mjifunze R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu. Ni ya bure, ilianzishwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman miaka ya 1990. Lakini pateni pia muda wa kukaa wodini muone namba zinavyoandikwa.

Mimi mwezi huu niko kwenye safu moja tu ya jedwali la wagonjwa, ya sukari ya damu, na ina mapengo mengi. Pengo linaweza kuwa la mgonjwa aliyeonekana mzima asipimwe, au la aliyefariki kabla ya kupimwa. Kompyuta inayaona sawa. Kesho naenda kumuuliza muuguzi wa zamu ya usiku yeye huwa anaacha nafasi wazi wakati gani.