Stara ya Anayepokea: Mhadhara juu ya Wema na Kamera

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kutenda wema kwa siri katika zama hizi za mitandao ya kijamii. Mada hii kwa kawaida hutazamwa kwa upande wa mtoaji: je, ana nia safi, au anajionyesha? Maandiko yamekwisha kulimaliza hilo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, tunaambiwa mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Na katika Kurani, sura ya 2, aya ya 264, waumini wanakatazwa kuziharibu sadaka zao kwa masimango na udhia, mfano wa yule atoaye mali yake ili watu wamwone. Mimi sina la kuongeza hapo, wala sina mizani ya kupimia nia ya mtu. Leo nitakaa upande wa pili, kwa yule anayepokea, kwa sababu naamini yeye ndiye anayegharimia picha na video za misaada zinazosambazwa mitandaoni.

Tuitazame video moja ya aina hii, maana sote tumeziona. Mama amesimama mlangoni kwake. Mbele yake yupo kijana aliyenyoosha bahasha, lakini haiachii. Anaendelea kuishikilia mpaka mpiga picha aipate sura ya mama sawasawa. Mama anaulizwa ameishi katika hali hiyo tangu lini, mumewe yuko wapi, wanawe wanalalaje, naye anajibu yote, kwa kuwa bahasha bado haijamfikia. Sauti isiposikika vizuri, anaombwa ashukuru tena. Nyuma yake, pembeni kabisa, anaonekana mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza lolote.

Watetezi wa video hizi husema kwamba mama aliridhia. Aliridhia, ndiyo, ila mtu anayejua kwamba akiikataa kamera huenda akaukosa na msaada, ridhaa yake ina thamani ndogo sana. Amelipa kwa sura yake, kwa jina lake na kwa habari za nyumbani mwake ambazo angemsimulia mtu wa karibu tu, tena kwa sauti ya chini. Na mtoto yule? Atakua, ataomba kazi, ataposa au kuposwa, na video itakuwa ingali inazunguka kwenye simu za watu. Mhisani atakuwa ameshaisahau.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni kwamba kamera huchagua shida. Kiti cha magurudumu hupendeza katika picha, na godoro jipya kadhalika. Lakini deni la hospitali, karo ya muhula wa pili, nauli ya kliniki ya kila mwezi, wakili wa kesi ya mirathi, maradhi ya akili ambayo familia inayaficha, haya yote hayana picha, na aghalabu ndiyo yanayomzamisha mtu. Hata shida inayopigika picha huwa habari mara moja tu. Mwezi unaofuata mgonjwa ni yule yule na dawa ni zile zile, ila hakuna kipya cha kuwaonyesha wafuasi, na msaada hukatika bila mtu yeyote kutangaza kwamba umekatika.

Linganisheni na anayosimuliwa Ali bin Husein, maarufu kwa jina la Zainul Abidin, kitukuu wa Mtume. Inasimuliwa kwamba alikuwa akibeba chakula mgongoni usiku na kuwapelekea masikini wa Madina, wala hawakumjua. Alipofariki, chakula kikakoma kuja, na waliouosha mwili wake wakaona alama za mizigo mgongoni. Ninachokizingatia katika simulizi hiyo ni kwamba chakula kiliendelea kufika mpaka kifo chake, kwa sababu hakikutegemea mtazamaji.

Utafiti nao umeligusa jambo hili. Mwaka 2014, katika jarida la Journal of Consumer Research, Kristofferson, White na Peloza walionyesha kwamba watu waliounga mkono jambo jema kwa ishara ndogo ya hadharani walikuwa wazito zaidi kusaidia kwa dhati baadaye kuliko wale walioanza faraghani. Maelezo yao ni kwamba aliyeonekana huwa ameshashiba: sifa ameipata, na haja ya kuendelea imepungua.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya wanaotetea kutoa hadharani. Michango mikubwa haikusanywi kimyakimya, na Kurani yenyewe, sura ya 2, aya ya 271, inasema sadaka ikidhihirishwa ni vizuri, ingawa kuificha na kuwapa mafukara ni bora zaidi. Mwaka 2014, katika kampeni ya kuchangisha fedha, watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu mitandaoni, na chama kimoja cha Marekani kinachopambana na ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, kikapata dola milioni 115. Siwezi kulipuuza hilo. Lakini angalieni nani alilowa. Aliyejianika, aliyetetemeka na kuchekwa, kwa kawaida alikuwa mchangiaji mwenyewe, kwa hiari yake. Kampeni ya namna hiyo sina ugomvi nayo. Vivyo hivyo anayekusanya fedha za wengine: huyo ana wajibu wa kutangaza hesabu zake zote, zilizoingia na zilizotoka. Hesabu hazihitaji uso wa mtu.

Na asiseme mtu kwamba siri inawafaa wenye vitu vidogo tu. Chuck Feeney, Mmarekani aliyetajirika kwa maduka yasiyotoza ushuru, alianzisha taasisi yake ya misaada mwaka 1982 na kuikabidhi karibu mali yake yote. Waliosaidiwa mara nyingi hawakuambiwa fedha zimetoka kwa nani, na siri hiyo ilidumu mpaka mwaka 1997, mauzo ya biashara yalipomlazimu kujitokeza. Taasisi ilitoa zaidi ya dola bilioni 8 kabla ya kufungwa mwaka 2020. Baadaye alikubali kusema hadharani, ili awashawishi matajiri wengine watoe wangali hai. Nalo naliona sawa, kwa kuwa alijitangaza yeye, hakuwatangaza waliopokea.

Kwa hiyo nashauri hivi. Lipa deni moja kwa moja hospitalini au shuleni, au mtumie mtu unayemwamini afikishe bila kutaja jina. Mwenye video za zamani na azifute. Kuziba macho ya mtu kwa ukungu hakutoshi, kwani jirani anaijua sauti na anaujua mlango. Taasisi nazo hulalamika kwamba wafadhili hudai picha. Mfadhili wa namna hiyo apewe risiti na orodha ya vilivyogawiwa, na akiwa bado ana shaka, aje mwenyewe kukagua, simu akiiacha ofisini.

Hapo nakomea, mabibi na mabwana. Nayakaribisha maswali.